Sura ya Tano: Pumzi ya Nani?

Siku ya kliniki, mama akiwa amempakata mwanawe, nesi huchana pakiti ndogo na kutoa sirinji. Huvuta dawa, huigonga kwa ukucha ili mapovu yapande juu, husukuma taratibu mpaka tone moja lichungulie kwenye ncha ya sindano, kisha humwambia mama amshike mtoto vizuri. Kilio kinachofuata kila mzazi anakijua. Wachache wanajua kwamba chombo kile cha plastiki, kitakachotupwa baada ya dakika moja, kina jina la msichana.

Jina hilo ni Syrinx. Kwa Wagiriki wa kale alikuwa nimfa, mmoja wa mabinti wa kiungu waliosadikiwa kukaa kwenye chemchemi, mito, miti na milima. Neno lenyewe, nymphē, katika Kigiriki cha kila siku lilimaanisha pia bibi harusi, au msichana aliyefikia umri wa kuolewa. Mswahili angesema mwali. Na huyu mwali anakumbukwa kwa jambo moja tu: alikataa.

Miungu wakubwa wa Ugiriki waliachiwa mahekalu. Syrinx aliachiwa mirija. Kila kitu kilichorithi jina lake, kutoka ala ya muziki hadi bomba la sindano, kina uwazi ndani. Mrija ukiuacha mezani hausemi neno. Husubiri mtu auweke mdomoni au ausukume kwa kidole gumba. Kwa hiyo katika sura hii, kila tutakapolikuta jina hilo, tutauliza swali lilelile: pumzi inayopita humo ni ya nani?

Hadithi ya kumlaza mlinzi

Simulizi kamili ya zamani zaidi tuliyo nayo kuhusu Syrinx haikuandikwa na Mgiriki. Iliandikwa kwa Kilatini na Ovid, mshairi wa Roma, katika kitabu chake kikubwa cha mageuzi, Metamorphoses, kilichokaribia kukamilika mwaka 8 baada ya Kristo. Ovid anampa mistari isiyofika 30, tena katikati ya kisa cha mtu mwingine.

Mtu huyo ni Io, msichana aliyetamaniwa na Zeus, mkuu wa miungu, kisha akageuzwa ng'ombe ili mke wa Zeus asigundue. Mke, Hera, hakudanganyika. Alimwomba mumewe ampe yule ng'ombe, akamkabidhi kwa mlinzi aitwaye Argos, mwenye macho 100, ambayo yalilala mawili mawili kwa zamu huku mengine yakikesha. Zeus akamtuma mwanawe Hermes akamuue mlinzi.

Hermes alijifanya mchungaji wa mbuzi. Akapita njiani akipuliza ala ya matete, na Argos, ambaye kazi ya ulinzi ilikuwa imemchosha, akamkaribisha akae kivulini. Muziki ukayafumba baadhi ya macho, mengine yakabaki wazi. Ala ile ilikuwa ngeni, basi Argos akauliza ilivyopatikana. Hapo Hermes akaanza kumsimulia habari za Syrinx.

Msimulizi wetu wa pwani hupiga kelele, "Paukwa!" na wasikilizaji wakamjibu, "Pakawa!" Ule mwitikio una kazi zaidi ya kunogesha: unampa msimulizi hakika kwamba watu wako macho. Hermes alikuwa na haja iliyo kinyume kabisa. Alitaka hadithi isiyojibiwa, na akaipata. Kabla hajafika mwisho alitazama, akaona macho yote 100 yamefumba. Akanyamaza, akachomoa upanga wake uliopinda, akamkata Argos kichwa. Hera aliyaokota yale macho akayapanga kwenye mkia wa tausi, yanakoonekana mpaka leo.

Mwisho wa hadithi anatumalizia Ovid mwenyewe, kwa haraka, kana kwamba anafunga mlango. Hivi ndivyo Syrinx anavyoingia katika fasihi ya dunia: kisa chake ni dawa ya usingizi katika mpango wa mauaji, na msikilizaji wake wa kwanza hakufika mwisho. Pumzi iliyomtamka ilikuwa ya muuaji.

Ukingoni mwa mto Ladon

Kisa chenyewe ni hiki. Katika milima ya Arkadia, katikati ya rasi ya Peloponnese, palikuwa na nimfa aliyesifika kuliko wenzake. Mara nyingi alikuwa amewakimbia masatiri, wale viumbe wa porini wenye tamaa isiyo na haya, pamoja na miungu wengine wa misitu na mashamba. Alimfuata Artemis, mungu wa uwindaji aliyeapa kutoolewa, na alivaa kama yeye. Ungeweza kuwachanganya, isipokuwa upinde wa Artemis ulikuwa wa dhahabu na wake ulikuwa wa pembe.

Siku moja akishuka mlimani Pan alimwona. Pan alikuwa mungu wa wachungaji, mwenye kwato na pembe za mbuzi, na siku hiyo amejivika taji la majani ya msonobari. Alianza kusema naye. Syrinx hakusubiri amalize. Alikimbia porini mpaka akafika kwenye mto Ladon, unaokwenda polepole juu ya mchanga. Maji yalimzuia. Akawaomba nimfa wa mtoni, dada zake, wamgeuze.

Pan alinyoosha mikono akidhani amemshika, akajikuta amekumbatia matete ya kinamasi. Akashusha pumzi ya majuto, na hewa ile ilipopita ndani ya matete ikatoa sauti nyembamba kama ya mtu anayelalamika. Sauti ikampendeza. Akaona hayo yatakuwa mazungumzo yake na yule binti siku zote. Akayakata matete kwa urefu tofauti, akayaunganisha kwa nta, na ala akaiita kwa jina lake.

Mto Ladon upo hadi leo. Unaungana na Alfeios, mto mkubwa kuliko yote ya Peloponnese, na tangu miaka ya 1950 umefungiwa bwawa la kuzalisha umeme. Matete yapo kando zake kama yalivyo kando ya mito yetu.

Tuangalie alichokiita Pan mazungumzo. Mmoja ndiye anayepuliza, ndiye anayechagua wimbo, ndiye anayeamua lini waanze na lini wanyamaze. Mwenzake anatoa sauti, lakini hana neno. Ovid, aliyejua sana mambo ya watu na tamaa zao, ameliweka jambo hilo mbele yetu bila kulitolea hukumu, na wasomaji wamekuwa wakivutana nalo tangu wakati huo.

Mrija uliomtangulia msichana

Kwa Kigiriki, syrinx lilikuwa neno la kawaida kabla halijawa jina la mtu. Katika Iliad ya Homer, iliyotungwa karne nyingi kabla ya Ovid, neno hilo limo mara kadhaa na nimfa hayumo. Usiku mmoja Agamemnon, kiongozi wa jeshi la Wagiriki, anasikia sauti za ala hizo kutoka kambi ya Watroya. Kwenye ngao ya shujaa wao Achilles wamechorwa wachungaji wawili wakizipuliza kwa furaha, hawajui kwamba maadui wamejificha na watawaua punde. Na Achilles anapojiandaa kwa vita, mkuki wa baba yake anauchomoa kwenye syrinx, maana ala ya mkuki nayo ni mrija. Katika utenzi mmoja wa kale wa kumsifu Hermes, yeye ndiye aliyeivumbua ala hiyo, na hakuna msichana aliyekimbizwa.

Maana yake ni kwamba ala ilikuwepo kwanza, msichana akaja baadaye kueleza kwa nini inalia vile. Anayeisikia kwa makini ataelewa kwa nini walihitaji maelezo. Filimbi nyingi zina ukali. Hii ina mkwaruzo wa hewa, kama mtu anayeongea huku akihema.

Utengenezaji wake ni rahisi. Kila tete limezibwa chini na kuachwa wazi juu, na mpulizaji hupitisha hewa kwenye ukingo kama mtoto anayepuliza mdomo wa chupa tupu. Tete la sentimita 17 hutoa mitetemo karibu 500 kwa sekunde. Ukichukua la sentimita 34, mitetemo hupungua kwa nusu, na unapata sauti ileile iliyoshuka oktava moja. Nta haikuwa gundi tu. Wagiriki wa mwanzo walipenda kutumia matete yenye urefu sawa kwa nje, wakayatofautisha kwa kumimina nta ndani: nta nyingi, uwazi mfupi, sauti ya juu. Umbo la ngazi, lenye matete yanayopungua urefu, ndilo lililokuja kuenea na ndilo tunaloliona kwenye michoro ya Pan.

Mtu yeyote mwenye matete na masikio anaweza kuigundua ala hii, na watu wengi wameigundua. Ipo kwenye milima ya Andes huko Amerika ya Kusini na katika visiwa vya Solomon. Ipo Uganda pia, ambako Basoga wanaiita enkwanzi. Hao wote hawakumhitaji Pan. Wagiriki ndio walioona kwamba sauti kama ile lazima iwe na mwenyewe, na kwamba mwenyewe alikatwa.

Jeraha na pango

Waandishi wa Kigiriki waliokuja baada ya Ovid walilichukua neno hilo la kukatwa kwa uzito. Achilles Tatius, aliyeandika riwaya ya mapenzi katika karne ya pili, anaeleza kwamba Pan aliyakata matete akidhani yanamficha binti. Alipomkosa, akatambua kuwa matete ndiyo binti. Akavikusanya vile vipande kama mtu anayekusanya viungo vya mwili, akavibusu mahali alipovikata. Pumzi ya kilio chake ikaingia kwenye matundu, na ala ikalia. Kwa Tatius, muziki ule unatoka kwenye kidonda.

Lakini riwaya hiyohiyo ina jambo la kushangaza zaidi. Inasimulia kwamba huko Efeso, nyuma ya hekalu la Artemis, palikuwa na pango ambamo Pan aliitundika ala yake. Msichana aliyeshukiwa kupoteza ubikira aliingizwa humo na milango ikafungwa. Akiwa safi, ala ililia kwa sauti tamu na milango ikafunguka yenyewe. Akiwa si safi, kilisikika kilio, watu wakaondoka wakimwacha, na siku ya tatu kuhani wa kike alipoingia alikuta ala imeanguka chini na msichana hayupo.

Yule aliyegeuka matete ili asiguswe, sasa amewekwa pangoni awe hakimu wa miili ya wasichana wengine. Jamii inayowapima mabinti hupenda chombo cha kupimia kisicho na mdomo wa kupinga.

Longus, mwandishi wa riwaya ya Daphnis na Chloe, alikuwa na moyo mwepesi zaidi. Kwake, Pan aliunganisha matete yasiyolingana kwa sababu mapenzi yao hayakulingana. Mzee akishamaliza kusimulia, vijana wawili wapendanao wanaigiza kisa hicho mbele ya wageni. Daphnis anatembea kwa ncha za vidole kuiga kwato. Chloe anakimbilia msituni kana kwamba ndiko kinamasini. Ni mchezo wa watoto, lakini msomaji hawezi kucheka mpaka mwisho, maana anajua mbio zile zilivyoishia.

Wachoraji wa Ulaya walizipenda mbio hizo kupita kiasi. Rubens na Jan Brueghel walizichora pamoja yapata mwaka 1617, Poussin mwaka 1637, Boucher mwaka 1759. Mara nyingi brashi inasimama palepale: mkono wa Pan umenyooka, matete yako nyuma, msichana bado ana mwili. Katika nukta hiyo mtazamaji tajiri alipata uchi wa kutazama na akabaki na kisingizio cha elimu ya kale. Mwaka 2015 wanafunzi kadhaa wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, waliandika kwenye gazeti la chuo kwamba visa vya namna hii katika Ovid vinafundishwa kama urembo wa lugha tu, huku wanaoketi darasani wakiwa na makovu yao. Walitukanwa na kutetewa. Walichokuwa wakifanya, kwa kweli, ni kuwa macho pale Argos aliposinzia.

Filimbi nyuma ya pazia

Urithi wake mkubwa zaidi umo kwenye muziki. Katika karne ya tatu kabla ya Kristo, fundi Ktesibios wa Aleksandria aliunda mashine iliyotumia uzito wa maji kusukuma hewa kwenye safu ya mirija. Huyo ndiye babu wa vinanda vikubwa vya makanisani. Kwa mara ya kwanza ala ya Pan iliweza kulia bila mdomo wa mtu.

Karne nyingi baadaye, Paris ilimrudia Syrinx mara mbili ndani ya miaka miwili. Mwaka 1912 ilichezwa Daphnis et Chloé ya Maurice Ravel, ambamo wapenzi wale wa Longus wanaigiza mbio za kinamasini huku filimbi moja ikiimba peke yake. Mwaka uliofuata Claude Debussy alimtungia mpulizaji Louis Fleury kipande cha dakika kama tatu, kwa ajili ya tamthilia ya Gabriel Mourey. Mpulizaji alisimama nyuma ya pazia. Watu walisikia filimbi bila kuona mtu. Kipande kile kiliitwa filimbi ya Pan. Kilipochapishwa mwaka 1927, Debussy akiwa amekwisha kufariki, kilitoka na jina jingine: Syrinx. Noti zilikuwa zilezile, ila jina la mwenye kupuliza lilikuwa limeondoka na jina la mwenye kupulizwa likawa limekaa mahali pake. Leo si rahisi kumpata mwanafunzi wa filimbi ambaye hajakipitia.

Na Ovid? Mwaka uleule wa 8, Kaisari Augusto alimfukuza Roma, akampeleka Tomis, kwenye pwani ya Bahari Nyeusi. Aliomba kurudishwa, hakurudishwa, akafia huko yapata mwaka 17. Tomis leo ni mji wa Constanța, Romania, na sanamu yake imesimama uwanjani. Alilalamika kwamba hakuna wa kusema naye Kilatini. Wakazi wa sasa wanazungumza lugha iliyozaliwa na Kilatini. Zaidi ya hayo, nchi ile imekuwa makao mashuhuri ya ala aliyoisimulia, kupitia wapigaji kama Gheorghe Zamfir. Waromania wanaiita nai. Mpenzi wa taarabu ya Unguja atashtuka kidogo, maana nai ni ile filimbi ndefu ya tete moja anayoijua. Ala ni mbili tofauti, lakini jina limetoka chanzo kimoja: neno la Kiajemi lenye maana ya tete.

Mirija ya madaktari, na mrija mmoja usio wao

Madaktari wa Kigiriki walikuwa wakikiita syrinx kitu chochote chenye umbo la bomba. Kupitia Kilatini neno likaingia lugha za Ulaya. Mwaka 1853 Alexander Wood wa Edinburgh alitumia bomba lenye sindano yenye uwazi ndani kumchoma mgonjwa dawa ya maumivu chini ya ngozi. Mwaka huohuo Charles Pravaz wa Lyon alitengeneza bomba la fedha la namna hiyo. Kutoka hapo mpaka kwenye pakiti ya nesi wetu ni hatua chache tu. Wataalamu wa neva nao huita syrinx uwazi wenye majimaji unaojitokeza ndani ya uti wa mgongo na kumdhoofisha mtu mikono. Wataalamu wa mimea walilitumia jina hilo kwa vichaka ambavyo mashina yake hutobolewa yakawa filimbi. Wa viumbe vya baharini walimpa konokono mkubwa kuliko wote wenye kombe, Syrinx aruanus wa bahari za Australia, ambaye kombe lake huweza kupita sentimita 70.

Hesabu yote hiyo inajibu swali letu kwa namna moja. Ala ya matete inategemea mdomo wa Pan, kinanda kinategemea mashine, sirinji inategemea kidole gumba cha nesi, kombe linategemea mtu wa kulipuliza. Mwenye jina ni mmoja. Mwenye pumzi daima ni mwingine.

Isipokuwa mahali pamoja. Sisi binadamu sauti yetu inatoka kwenye zoloto, juu ya bomba la hewa. Ndege hutoa sauti chini kabisa, pale bomba linapogawanyika kuelekea mapafu mawili, na kiungo hicho wanasayansi wanakiita syrinx. Kwa kuwa kina pande mbili, ndege waimbaji wengi huweza kutoa noti mbili kwa wakati mmoja, kila upande na yake. Mwaka 2016 watafiti walitangaza kuwa wamekitambua kiungo hicho kwenye mabaki ya Vegavis, ndege wa zama za dinosaria aliyepatikana Antaktika, mwenye umri wa zaidi ya miaka milioni 66. Kilikuwepo kabla ya Pan, kabla ya Ovid, kabla ya mtu yeyote wa kukata matete.

Alfajiri, kurumbiza anapoanza kuimba, mfikirie Syrinx. Ndege waimbaji, wimbo ukiwa mrefu, huvuta pumzi fupi mno kati ya noti na noti, fupi kiasi kwamba sikio letu linadhani wimbo haukukatika. Hewa inaingia, inageuka, inatoka kama sauti, na kifua kilichoivuta ni cha mwenye wimbo. Ukimsogelea, ataruka, na wimbo ataondoka nao.